Mafuta yamepanda tena: nibaki na gari kubwa au nihamie dogo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bei mpya za mafuta zikitoka tu, maswali yanayokuja ni yale yale: niuze Harrier? IST inatosha familia? gesi inalipa kweli? Hapa nimeyakusanya yanayorudiwa sana na kuyajibu moja moja, hasa kwa mtu wa Dar na mikoani, wa Kenya nao wana swali lao huko chini. Kwenye hesabu zote nimetumia bei ya shilingi 3,000 kwa lita ili iwe rahisi kufuata, we weka bei ya mwezi huu na ya mkoa wako.

## MAMBO YA MWANZO

1. Mafuta yakipanda ni lazima niuze gari kubwa ninunue dogo?

Hapana, sio lazima, na watu wengi wanaliamua hili kwa hasira wakiwa bado wamesimama sheli. Kinachokuumiza ni idadi ya lita unazochoma kwa mwezi. Mtu mwenye Prado anayetoka nayo Jumapili kanisani na mara moja moja shamba anaweza kuwa anachoma lita chache kuliko mwenye Vitz anayekwenda Kibaha na kurudi mjini kila siku. Kwahiyo kabla hujaangalia gari gani ununue, jua kwanza kilomita zako za mwezi na gari lako linaenda kilomita ngapi kwa lita moja (namna ya kupima iko swali la 4). Hizo namba mbili ukiwa nazo maswali mengine yote yanakuwa mepesi.

2. Nani anapanga hizi bei na kwa nini zinabadilika kila mwezi?

Tanzania bara ni EWURA, wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Ni kikomo, maana yake sheli inaruhusiwa kuuza chini ya hapo lakini sio juu. Zanzibar wana ZURA yao. Bei inafuata soko la dunia, thamani ya shilingi kwa dola, gharama za meli na bandari, alafu kodi na tozo juu yake. Mafuta yanaingia kupitia Dar, Tanga na Mtwara, kisha yanasafirishwa kwa malori, ndo maana mtu wa Kigoma au Kagera analipa zaidi ya wa Dar kwa lita ile ile. Ukitaka bei ya eneo lako piga *152*00# ufuate maelekezo.

Wengi tunakumbuka 2022 baada ya vita ya Ukraine kuanza, petroli ikapita 3,000 na serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni mwaka ule. Ikashuka, ikapanda tena 2023. Yani itapanda na itashuka na itapanda, we unayenunua gari la kukaa nalo miaka mitano chukulia zote hizo zitakukuta.

3. "Gari dogo" ni lipi hasa? cc ndo kila kitu?

Mtaani tunaangalia cc, yaani ukubwa wa injini, chini ya 1500 tunaita bebi woka, juu ya 2000 tunasema linabwia mafuta. Inasaidia kuanzia lakini haitoshi. Injini ya 1NZ ya cc 1500 imo kwenye IST, Raum, Spacio, Premio na Probox, ila matumizi hayalingani kwa sababu uzito, bodi na gia ni tofauti. Vile vile 2AZ ya cc 2400 imefungwa kwenye Harrier, Kluger na Alphard, na mwenye Alphard atakwambia mwenyewe kwamba lile bodi zito kama nyumba linataka mafuta yake kwenye foleni.

Mfano mwingine ni Subaru Forester, watu wanaona cc 2000 wanadhani ni sawa na Premio ya cc 2000. Forester inazungusha matairi yote manne muda wote na kama ni yenye tabo (turbo) ndo kabisa, huwezi kuiweka kundi moja na Premio. Uzito, tabo, na kuvuta matairi manne, hivyo vitatu viulize kabla ya kuuliza cc.

## HESABU YENYEWE

4. Nitajuaje gari langu linakula lita ngapi? Geji haieleweki.

Geji achana nayo. Nenda sheli jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, rudisha sifuri kile kihesabu kidogo cha kilomita kwenye dashibodi, kama hakifanyi kazi piga picha kilomita zilizopo. Endesha kama kawaida yako siku zote, usijibane, mpaka tenki likaribie robo. Rudi sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile, jaza tena mpaka ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia mara ya pili. Umetembea 340 zimeingia lita 34, gari lako linaenda 10 kwa lita. Rudia mara mbili tatu kabla hujaiamini hiyo namba, maana wiki ya mvua na foleni ya kutosha inaweza kukudanganya.

Tatizo la wengi wetu ni kuweka mafuta ya elfu ishirini ishirini, hivyo hujui kabisa umetumia ngapi. Kama kujaza tenki ni ngumu andika tu kila ulichoweka kwa mwezi mzima pamoja na kilomita za tarehe moja na za mwisho wa mwezi, utapata jibu la karibu.

5. Tofauti ya IST na Harrier kwa mwezi ni shilingi ngapi kweli?

Tuchukue mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku, siku 26, ni kilomita 1,040. IST ikiwa nzima kwa foleni za Dar tuseme 12 kwa lita: inachoma lita 87 hivi, shilingi 260,000. Harrier ya 2400 tuseme 7 kwa lita: lita 149, karibu 446,000. Tofauti ni kama 186,000 kwa mwezi, mwaka mzima inapita milioni mbili na laki mbili.

Sasa mafuta yapande kwa shilingi 300. Mwenye IST anaongeza kama elfu 26, mwenye Harrier anaongeza elfu 45 hivi. Hapo ndo uone kwamba kile kilichopanda jana ni kidogo kuliko kile ulichokuwa unalipa siku zote. Kama tofauti ya 186,000 ilikuwa haikusumbui kabla, hii elfu 19 iliyoongezeka haitakuua. Na kama inakusumbua, ilikuwa inakusumbua tangu zamani, bei mpya imekuamsha tu.

6. Muuzaji kaniambia linaenda 18 kwa lita, mbona mi napata 11?

Zile namba nyingi zinatoka Japani, zimepimwa kwenye mashine ndani ya chumba gari likiwa jipya, na hamna foleni ya Mwenge pale. Gari lako lina miaka 15, plagi zimechoka, sensa ya oksijeni labda imekufa na taa ya injini imewaka mwezi wa tatu sasa hujali, tairi hazina upepo wa kutosha, AC imewashwa na buti limejaa vitu. Kila kimoja kinachukua chake. Taa ya injini usiichukulie poa, sensa ikifa injini inamwaga mafuta mengi kuliko inavyohitaji, na hapo gari dogo linaweza kula kama kubwa.

Kabla ya kusema "gari hili limenishinda" lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupima, fanya sevisi kamili, pima tena kama swali la 4. Nimeona watu wanauza gari zuri kwa sababu ya kitu ambacho spea yake haifiki bei ya kujaza tenki moja.

7. Nina V8 (Land Cruiser ya silinda nane) na nina Vitz. Wapi nitaokoa zaidi nikibadilisha?

Kwenye V8, na hapa watu wengi wanakosea kwa sababu kilomita kwa lita ni namba inayodanganya macho. Kwa zile zile kilomita 1,040: kutoka gari la 5 kwa lita kwenda la 7, umeshuka toka lita 208 mpaka 149, umeokoa 59. Kutoka gari la 12 kwenda la 16, umeshuka toka 87 mpaka 65, umeokoa 22 tu. Ya pili inaonekana kubwa, umeongeza kilomita nne, lakini ya kwanza ndo inabakiza hela.

Kwahiyo mwenye gari kubwa sana hahitaji kuruka moja kwa moja mpaka Passo. Akishuka hatua moja tu, tuseme toka V8 mpaka Rav4 au Harrier ndogo, ameshapata sehemu kubwa ya faida na bado anakaa juu. Na mwenye IST anayetaka kuhangaika kubadilisha aende Passo kwa ajili ya mafuta, namshauri atulie, hela ya dalali na ya kubadilisha kadi itachukua muda mrefu kurudi.

## KUNUNUA NA KUUZA

8. Gari dogo lina nafuu pia kwenye ushuru?

Ndio. Nje ya ushuru wa forodha na VAT, ushuru wa bidhaa unaangalia cc: lisilozidi cc 1000 ni sifuri, zaidi ya 1000 mpaka 2000 ni asilimia 5, juu ya 2000 ni asilimia 10. Ndo sababu mojawapo Passo na Vitz za cc 990 zimejaa. Ila kitu kinachouma zaidi ni umri, gari la miaka 8 mpaka 10 linaongezewa asilimia 15 na zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Tumia kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) kwenye tovuti yao kabla ya kumtumia hela mtu yeyote Japani.

9. Na ile "road license" ya kila mwaka kwa cc?

Ilifutwa 2017. Zamani mwenye injini kubwa alilipa zaidi kila mwaka hata kama gari limelala uani. Badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita, na 2021 ikaja tozo nyingine ya shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara. Yani kodi imehamia kwenye pampu, inamkamata anayetembea sana. Kwa mwenye gari kubwa analolitumia mara chache hayo mabadiliko yalimsaidia.

10. Niuze gari kubwa saa hivi kabla mafuta hayajapanda zaidi?

Huu ndo wakati mbaya kuliko wote wa kuuza. Mafuta yakipanda kila mwenye gari la kubwia mafuta anatangaza kuuza, yadi zinajaa, wanunuzi wanajua una haraka, wanakupa bei ya kutupa. Wakati huo huo IST na Passo zinatafutwa na kila mtu kwahiyo utanunua kwa bei ya juu. Unapoteza pande zote mbili.

Marekani ilitokea wazi mwaka 2008. Petroli ilipita dola 4 kwa galoni katikati ya mwaka, watu wakakimbia magari makubwa, bei zake za mkononi zikaporomoka, General Motors wakatangaza kuangalia upya mustakabali wa Hummer, chapa yao ya magari makubwa, na baadae ikafungwa kabisa. Mwisho wa mwaka ule ule petroli ilikuwa chini ya dola 2. Aliyeuza mwezi wa saba kwa hasara alipoteza hela ambayo ingemnunulia mafuta muda mrefu sana.

Fanya hivi: chukua hasara utakayopata kwenye kubadilisha (bei ya kununua gari dogo pamoja na usumbufu wote, ukitoa bei utakayouzia), igawanye kwa unachookoa kwa mwezi. Kama unatoa milioni 3 juu na unaokoa 186,000, itachukua miezi 16 kurudi, hiyo inavumilika. Kama unaokoa elfu 40 achana nayo. Ambaye kubadilisha kunampa hela mkononi kwa sababu Prado lake ni ghali kuliko IST, huyo hesabu yake ni nyingine na kwa kweli mara nyingi inalipa, asisubiri sana.

## GARI DOGO NA MAISHA YETU

11. Passo ya cc 990 inaweza safari ya mkoa?

Inafika. Watu wanaenda nazo Mbeya na Mwanza. Ila ni silinda tatu, ukiwa na watu wanne na mizigo kwenye milima ya Kitonga au Sekenke utakanyaga mpaka mwisho, na injini ndogo ikilazimishwa inakula mafuta karibu sawa na ya 1500 inayotembea bila kujitesa. Ku-overtake lori kwenye mlima na gari hilo ni hatari, usijaribu kama huoni mbele mbali. Kama safari ndefu ni kila mwezi chukua 1500. Kama ni mara moja Desemba, panda basi au kodi gari, bado utakuwa umeokoa.

12. Nakaa sehemu barabara mbovu, gari la chini litafaa?

Hapa usidanganywe na mafuta peke yake. Kama kila siku unapita mashimo ya Goba ndani ndani huko au Chanika, gari la chini utabadilisha bushi, shokapu na kugusa sampu mpaka akiba yote ya mafuta iende gereji. Tafuta dogo lakini lililonyanyuka kidogo, IST ya kwanza sio mbaya, Rav4 ya zamani ya 1800 nayo ni ya kati nzuri.

13. Familia ni watu saba. Noah moja au bebi woka mbili?

Gawanya kwa kichwa. Noah ya 2000 ikienda 8 kwa lita na watu saba ndani, kila mtu anatumia mafuta kidogo kuliko mtu mmoja peke yake kwenye Vitz ya 15. Gari kubwa lililojaa ni la kubana matumizi, lililobeba mtu mmoja na begi la laptop ndo ubadhirifu. Wenye Noah wanaopakia majirani kwenda mjini na kuchangia mafuta wameshaelewa hili siku nyingi.

## NJIA ZA KATI

14. Haibridi je? Naogopa betri.

Aqua na Prius, zenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, kwenye foleni hazina mpinzani, kwa sababu gari likisimama injini inazima na ukikanyaga breki inarudisha umeme kwenye betri. Kwenye lami ndefu ya Dodoma faida inapungua. Betri kuiogopa ni haki yako, lakini nyingi zinakufa mapema kwa joto: pale karibu na siti ya nyuma kuna tundu la feni inayopooza betri, likijaa vumbi au ukiziba na mizigo betri inaungua taratibu. Lisafishwe kila sevisi. Na kabla ya kununua lipimwe na fundi anayejua haibridi, sio yule wa kila kitu.

15. Kufunga gesi kunalipa?

Kunalipa sana, na kinachonishangaza watu hawakioni ni kwamba kunalipa haraka zaidi kwa gari kubwa. Kilo moja ya gesi asilia ina nishati ya kukaribia lita moja na nusu ya petroli, na imekuwa ikiuzwa karibu 1,550 kwa kilo. Kwa mfano wa swali la 5, Harrier ya lita 149 itataka kilo 99 hivi, shilingi 154,000 badala ya 446,000, unaokoa kama 290,000. Ufungaji ukikugharimu milioni mbili umerudisha ndani ya miezi saba. IST itachukua karibu mwaka. Kwahiyo mwenye gari kubwa anayelipenda na yuko Dar, aanze kuulizia gesi kabla ya dalali.

Shida zake: mtungi unakula buti, vituo bado ni vichache na foleni ya gesi inaweza kukuchukua nusu ya asubuhi, na ukitoka nje ya Dar na Pwani mara nyingi unarudi kwenye petroli. Injini ya silinda sita kufunga ni ghali zaidi. Funga sehemu inayotambulika kama DIT (chuo cha teknolojia cha Dar), mtungi wa gesi yenye presha kubwa sio kitu cha kufungiwa chini ya mwembe.

16. Dizeli inakula kidogo, nichukue Prado ya dizeli?

Kwa lita ndio inakwenda mbali kuliko Prado ya petroli. Lakini kuna miezi dizeli inauzwa juu ya petroli, na injini za dizeli za kisasa noziri zake zikiharibiwa na mafuta machafu zinakudai hela ndefu. Kwa anayetembea sana mikoani inafaa. Kwa foleni ya mjini pekee siioni faida.

## MASWALI YA PEMBENI

17. Nataka gari la teksi mtandao, ushauri ni ule ule?

Hapana, we kila kilomita ni biashara na nyingine unatembea bila abiria kumfuata mteja. Nenda dogo moja kwa moja, spea za bei rahisi, kisha gesi. Hesabu ya swali la 10 kwako inarudi haraka mno kwa sababu unaweza kutembea kilomita 150 kwa siku.

18. Niko Kenya, haya yananihusu?

Hesabu ni zile zile, bei na sheria ni tofauti. EPRA, mamlaka ya nishati ya huko, wanatangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 mpaka 16 Julai 2023, na Septemba mwaka huo petroli Nairobi ikafika 211.64, ndio mara ya kwanza kuvuka 200. Magari yaliyopita miaka 8 hayaingii, kwahiyo Demio, Note na Vitz zenu ni za karibuni kuliko zetu na zinakula kidogo zaidi.

19. Nibaki na kubwa, ninunue dogo la pili la kazini?

Inawezekana, ila ongeza bima ya pili, sevisi ya pili, tairi nne nyingine, betri inayokufa kwenye gari linalolala. Kwa mtu wa kilomita 1,040 aliyeokoa 186,000 kwa mwezi inabaki kitu. Kwa mtu wa kilomita 400 haibaki kitu, huyo apande mwendokasi siku mbili tatu kwa wiki na Prado lake libaki pale pale.

20. Gari la kampuni, mafuta wanalipa wao. Nijali nini?

Angalia kama unapewa lita au unapewa hela. Ukipewa hela kiwango hicho hicho kila mwezi, bei ikipanda tofauti inatoka mfukoni kwako, hivyo omba kiwekwe kwa lita au omba gari la cc ndogo zaidi kabla mkataba haujasainiwa.